Ada ya Oktoba, Pamba ya Juni: Mjadala

Katika vyuo vingi vya Tanzania, kulipa ada na kujisajili kwa masomo ni mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu hufunguliwa kati ya mwishoni mwa Oktoba na Novemba, na dirisha la usajili hukaa wazi kwa muda mfupi, aghalabu wiki mbili. Katika wiki hizo mwanafunzi hutakiwa awe amelipa sehemu ya ada ya mwaka, mara nyingi nusu au asilimia 60, pamoja na michango mingine: bima ya afya Sh 50,400, ada ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) Sh 20,000, mchango wa serikali ya wanafunzi, kitambulisho. Malipo yakishasoma kwenye mfumo, ukurasa wa kozi hufunguka, naye huchagua kozi za muhula. Yasiposoma, haufunguki. Asiyesajiliwa jina lake halimo kwenye orodha ya mhadhiri, alama zake za majaribio hazina pa kuingizwa, na mwisho wa muhula hapati namba ya mtihani.

Wilaya ya Magu iko mashariki ya jiji la Mwanza, kilomita 60 hivi kwa barabara ya Musoma. Vijana wake wanaofaulu kidato cha sita huenda Malimbe, kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), au Bugando kusomea udaktari, na wengine hufika Dodoma na Dar es Salaam. Wa astashahada na stashahada huonekana Butimba kwenye ualimu, Nyegezi kwenye uvuvi na Ukiriguru kwenye kilimo. Wazazi wao wengi ni wakulima wa pamba na mpunga, wafugaji, na wavuvi wa dagaa wa vijiji vya ufukweni. Namna fundo hilo linavyowabana inajadiliwa hapa kwa sauti nne: mhasibu wa chuo, mzazi mkulima, mwanafunzi wa mwaka wa pili na msajili. Ni sauti za nafasi, si za watu fulani.

Mhasibu ndiye mwenye tarehe, kwa hiyo huanza yeye.

"Mzee wangu," asema, "chuo hakina shamba. Mhadhiri anadai mshahara mwisho wa mwezi, umeme unalipiwa kabla ya kuwaka, na karatasi za mtihani haziji kwa mkopo. Tukisema kila mzazi alipe atakapopata, Februari itatukuta madarasa yamejaa na akaunti tupu."

Hoja hii haifai kupuuzwa kwa kisingizio cha huruma. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ndiyo iliyobeba karibu gharama zote za mwanafunzi wa chuo kikuu. Uchangiaji gharama ulianza kutekelezwa mwaka wa masomo 1992/93, na tangu hapo ada imekuwa damu ya vyuo, hasa vya binafsi na vya mashirika ya dini. Chuo kinachokosa fedha hukosa wahadhiri, na kinachokosa wahadhiri hakidumu machoni pa wakaguzi. Kwa mwaka wa masomo 2017/18 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa kasoro za ubora. Mzazi anayeomba tarehe ilegezwe ni yuleyule atakayelalamika chuo kikifungiwa mwanawe akiwa mwaka wa pili.

Mhasibu ana hoja ya pili, nayo huisema kwa sauti ya chini kidogo. Wapo wazazi wenye fedha wanaochelewesha makusudi. Tarehe ikiwa legelege, ada husogezwa nyuma ya bati, pikipiki na harusi, kwa sababu fundi na bwana harusi hawasubiri, chuo husubiri. Tarehe ngumu, kwa maoni yake, humsaidia hata mzazi mwenyewe kupanga.

"Mwanangu, kulipa sikatai," mzazi ajibu. "Ninachokataa ni kudaiwa mwezi ambao hata mizani ya pamba imeshafungwa."

Kalenda ya fedha ya Magu haifanani na ya mshahara. Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei na kuisha kiangazi kikiwa katikati. Mpunga nao huvunwa kati ya Mei na Julai. Kufikia 15 Septemba, sheria humtaka mkulima awe ameng'oa na kuchoma masalia ya pamba, na kwa wengi siku hiyo hata fedha ya msimu imekwisha kugawanywa. Oktoba ni jua kali: malisho yamekauka, ng'ombe wamekonda, na anayepeleka dume mnadani hupewa bei ya mfupa. Kisha mvua zikinyesha, kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, ni wakati wa kupanda pamba, wa kutafuta jembe la ng'ombe, mbegu na vibarua wa palizi. Kwa hiyo dirisha la usajili humkuta mkulima akiwa na matumizi mengi kuliko mwezi mwingine wowote wa mwaka, na mapato karibu na sifuri. Awamu ya pili ya ada hudaiwa Machi au Aprili, vihenge vikiwa vinaelekea chini na pamba ikiwa bado shambani. Ukitafuta miezi miwili mibaya zaidi ya kumdai mkulima wa Kanda ya Ziwa, utaangukia miezi hiyohiyo.

Kiasi chenyewe kikipimwa kwa pamba huonekana vizuri zaidi. Tuseme ada ya mwaka ni Sh 1,300,000 na kilo ya pamba inanunuliwa kwa Sh 1,100. Ada hiyo ni takriban kilo 1,180. Kwa shamba linalotoa kilo 300 kwa ekari, ni mavuno ya ekari karibu nne, kabla ya kutoa gharama ya dawa na vibarua, na kabla ya mlo wa mtu yeyote. Asilimia 60 ya awamu ya kwanza ni Sh 780,000.

Mhasibu hujibu kwa swali ambalo mzazi alilitarajia. "Pamba inauzwa Juni. Oktoba inakuja baada ya Juni, haiji kabla. Fedha ilikuwa mkononi mwako, mzee. Ilikwenda wapi?"

"Ikifika nyumbani inakuta foleni," asema mzazi. "Deni la dawa ya kupulizia, deni la duka, wadogo zake wanaovaa sare, mgonjwa wa Bugando. Na kuna misimu ambayo hata hiyo Juni haileti kitu."

Katika hili la mwisho mzazi yuko sahihi kwa ushahidi wa kanda nzima: katika msimu wa 2019 wakulima wengi wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikabidhi mazao yao kwenye vyama vya msingi, kisha wakakaa miezi wakisubiri malipo. Mwaka kama ule, tarehe ya chuo ilikuwa inamdai mtu ambaye naye alikuwa anadai. Lakini katika hoja ya foleni mhasibu ana haki yake. Ada ya mwaka wa pili na wa tatu haimshtukizi mtu. Inajulikana tangu siku ya kwanza, na ingeweza kuwekwa mbele ya foleni badala ya nyuma.

Mzazi anayo karata moja zaidi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. "Julai nilikuwa na laki nane. Nikamwambia mtoto aniletee namba nilipe kabisa. Akaniambia namba haijatoka, nisubiri chuo kifungue."

Hapa tatizo liko kwenye utaratibu wa malipo wenyewe. Tangu 2017 malipo ya taasisi za umma yamekuwa yakipita kwenye mfumo wa serikali wa kielektroniki, GePG, kwa kontrolo namba, na vyuo vingi visivyo vya umma navyo vimejenga utaratibu unaofanana na huo. Kontrolo namba huzaliwa na ankara, na ankara ya mwaka mpya kwa kawaida huandaliwa mwaka unapokaribia kuanza. Kabla ya hapo mzazi hana pa kuweka fedha yake. Zamani, kwa hati ya benki, mtu aliweza kwenda kaunta siku yoyote, akaandika jina la mwanawe na kulipa. Utaratibu ule ulikuwa na hati za kughushi na fedha zilizopotelea kwenye akaunti zisizojulikana, na hakuna sababu ya kuutamani. Ila ulipokea fedha ya Julai. Mfumo mpya ni mwaminifu zaidi, lakini mlango wake hufunguliwa pamba ikiwa imeshaliwa. Kurekebisha hili hakuhitaji bunge wala bajeti: ankara za wanafunzi wanaoendelea zitolewe Juni, na namba ikubali malipo ya kidogokidogo. Mkulima anayelipwa kwa simu au benki anaweza kuikata ada siku ileile fedha inapoingia, kabla foleni haijajua. Mhasibu, anayetaka fedha mapema kuliko wote, ndiye angenufaika kwanza, na inashangaza kwamba si yeye anayeidai hatua hii.

Si kila mzazi wa Magu ni mkulima, hata hivyo. Mvuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi: taa huvuta dagaa usiku usio na mbalamwezi, na mwezi ukiwa mpevu kazi husimama kwa siku kadhaa. Mapato yake ni madogo madogo, ya kila mwezi, yenye pengo katikati. Kwake awamu mbili kubwa ni mzigo hata kama zingekuwa Juni. Mchuuzi wa Kisesa naye mzunguko wake ni wa siku ya soko. Tarehe moja kwa wote ni rahisi kuandika kwenye tangazo, basi.

Mwanafunzi hutoa shikamoo kwa wote wawili kabla ya kusema. Yeye haanzii kwenye pamba. Anaanzia kwenye mkopo.

"Mimi nina mkopo," asema, "ila sina mkopo wote. Bodi wamenipa sehemu ya ada. Chuo kinataka tofauti nilipe mwenyewe kabla ya kujisajili. Boom haliji mpaka nijisajili. Na mwenye nyumba wa geto anataka kodi ya miezi sita. Sasa nianzie wapi?"

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hulipa ada moja kwa moja chuoni na fedha ya kujikimu kwa mwanafunzi. Bajeti yake imekua sana, kutoka Sh bilioni 570 mwaka 2021/22 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25, na posho ya chakula na malazi, ambayo kila mwanafunzi huiita boom, ilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23. Mkopo wa ada, hata hivyo, hupangwa kwa uhitaji, na wengi hupata asilimia fulani tu. Bodi nayo, kwa sababu za msingi, haiwezi kulipa hewa: mwanafunzi lazima awe amesajiliwa na chuo, kisha athibitishe kupokea. Mduara hukamilika hapo. Kinachotakiwa ili fedha ije ni usajili, na kinachotakiwa ili usajili upatikane ni fedha.

Wanafunzi wana njia zao za kuukata mduara huo, na karibu zote ni za hasara. Ya kwanza ni kukopa kwa rafiki ambaye boom lake limeingia. Ya pili, mzazi huuza mpunga kwa mlanguzi ukiwa bado haujavunwa, kwa bei ambayo mwezi wa mavuno humfanya ajutie kila gunia. Kagera, biashara ya namna hiyo kwenye kahawa ina jina lake, butura, na imepigwa marufuku mara nyingi bila kuisha. Ya tatu ni mikopo ya mtaani, ile inayoitwa kausha damu, na jina linatosha. Ya nne ni boom lenyewe: awamu ya siku 60 ni Sh 600,000, na mwanafunzi anayeitoa yote kuziba tofauti ya ada huishi siku hizo 60 kwa gunia la michembe lililotoka nyumbani. Fedha ya chakula imegeuka ada, na hakuna ofisi iliyoandika hivyo popote.

"Nilikaa darasani wiki tano bila kusajiliwa," mwanafunzi aendelea. "Nikafanya jaribio la kwanza. Mhadhiri akasema karatasi yangu ameiona, ila jina halimo, hana pa kuandika. Nilipokuja kulipa, kozi ya hiari niliyoitaka ilikuwa imejaa. Na faini ya kuchelewa nikaongezewa."

Alama za kazi za darasani katika vyuo vingi ni 40 kati ya 100. Anayezikosa kwa sababu ya jina huingia mtihani wa mwisho akiwa ameshaanguka nusu njia, na akishindwa huambiwa ana sapu, yaani mtihani wa marudio, au kozi ya kubeba mwakani, au ameambulia kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Kumbukumbu za chuo zitaonyesha kwamba alifeli takwimu au sheria ya mikataba. Sababu halisi, tofauti ya ada ya laki mbili au tatu katika wiki ya pili ya muhula, haitaonekana popote. Faini ya kuchelewa ndiyo sehemu isiyo na utetezi kabisa katika kanuni hizi, kwa wale waliochelewa kwa kukosa fedha: ni kumdai zaidi aliyeshindwa kulipa kidogo.

Hadi hapo mjadala unaelekea kuwa wa kawaida, mwenye nacho dhidi ya asiye nacho. Msajili anauvunja.

"Ndugu zangu, mnagombania tarehe moja wakati zipo mbili," asema. "Tarehe ya kujisajili ni yangu. Ile ya ada ni ya mhasibu. Yangu sitailegeza hata kwa siku moja. Ya mhasibu naona ingeweza."

Sababu zake ni za kazi. Bila orodha kamili mapema, hajui kozi ipi ihamishiwe ukumbi mkubwa, ipi ifutwe kwa kukosa watu, mhadhiri yupi ana mzigo kupita kiasi. Ratiba ya mtihani hutengenezwa kwa orodha hiyo. TCU na, kwa vyuo vya kati, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) huletewa takwimu kutoka humo. Bodi ya Mikopo husubiri majina hayohayo. Mwanafunzi anayejisajili wiki ya nane huvuruga kazi iliyokwisha, na hakuna kiasi cha fedha kinachorudisha wiki hizo. Kwa msajili, kuchelewa kujisajili ni kosa la kweli la kitaaluma. Ila katika sababu zake zote hakuna hata moja inayohusu ada. Ada iliingizwa kwenye dirisha lake kwa sababu dirisha ni mahali ambapo kila mtu lazima apite, na anayekusanya ushuru hupenda kusimama pembamba pa njia.

Mhasibu hapendi. "Ukifungua ukurasa wa kozi bila malipo, umeninyang'anya fimbo. Nitamdai kwa nini tena?"

"Kwa matokeo," ajibu msajili. "Na kwa usajili wa muhula unaofuata."

"Wa mwaka wa tatu, muhula wa mwisho, hana muhula unaofuata. Anaondoka na deni."

"Na cheti chake kinabaki kwako."

"Cheti kikikaa kabatini miaka minne hakilipi mshahara wa mtu."

Hoja hiyo ya mwisho ni ya kweli, na wanaotetea kulegeza tarehe hawaigusi. Kuzuia cheti huumiza pande zote mbili: kijana asiye na cheti hapati ajira ambayo ingelipa deni. Kwa hiyo kutenganisha tarehe hakuwezi kuwa kuacha kudai. Linalowezekana ni hili: kila aliyedahiliwa ajisajili kwa kozi zote ndani ya wiki mbili bila kuulizwa shilingi; asiyelipa awamu ya kwanza asaini mkataba wa malipo, wenye tarehe zinazofuata chanzo cha mapato ya mlezi, ukiambatanishwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha chanzo hicho; atakayevunja mkataba bila taarifa azuiwe usajili wa muhula unaofuata. Wa muhula wa mwisho abaki na masharti magumu kidogo. Barua za mtendaji hughushiwa, hilo linajulikana, na wapo watakaojiita wakulima huku wana duka Igoma, jijini Mwanza. Udanganyifu huo hauzidi ule uliopo sasa. Na chuo kinachomzuia mwanafunzi kufanya mtihani kwa deni la laki tatu hakipati laki tatu. Hupata kiti kitupu, na pengine kijana aliyeahirisha mwaka asirudi tena.

Kwingine Afrika Mashariki ugomvi mkubwa umekuwa juu ya kiasi kuliko tarehe. Makerere, mwaka 2019, wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya ada ya asilimia 15. Kenya, mfumo mpya wa ufadhili wa mwaka 2023 uliishia mahakamani. Magu inafundisha kwamba kiasi kilekile kinaweza kulipika Julai na kisilipike Oktoba. Hakuna aliyepunguza wala kuongeza shilingi, na matokeo ni tofauti.

Linabaki la mwaka wa kwanza, ambalo suluhisho la ankara ya Juni haliligusi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, udahili hukamilika baadaye, na orodha za mikopo huanza kutangazwa Oktoba, kwa awamu. Mzazi wa Kahangara au Nyanguge, wilayani Magu, hawezi Juni kujua kama mwanawe amepata chuo, chuo gani, na Bodi itabeba asilimia ngapi ya ada. Anaulizwa atenge fedha kwa bili ambayo haijaandikwa na mtu yeyote. Mhasibu, mzazi, mwanafunzi na msajili wote hukubaliana hapa, jambo la nadra, kwamba lawama haiko kwao. Vyuo vinaweza kuwapa wa mwaka wa kwanza muhula mzima wa kwanza kulipa tofauti ya ada, na vingefanya vyema. Ila ufunguo uko Bodi ya Mikopo: awamu zote za majina zitoke kabla ya vyuo kufunguliwa, ili mkulima ajue anadaiwa kiasi gani kabla hajatia mbegu ardhini katikati ya Novemba.